Okidi ya ardhini kwenye chungu: majani njano, ncha zimekauka, maua hakuna. Nianzie wapi?

Chungu_Kigamboni

Wakuu habari za humu. Nina okidi ya ardhini, ile yenye majani marefu yenye mikunjo kama mche wa mnazi na maua ya zambarau. Kitaluni waliiita Spathoglottis. Ilinunuliwa ikiwa na mabua mawili ya maua. Tangu yaishe imefika miezi minane haijatoa bua lingine.

Hali yake leo: ncha za majani zimekauka sentimita 5 hadi 8, kahawia kabisa. Majani mapya yanatoka ya njano lakini mishipa yake bado kijani. Majani mawili ya chini yana madoa meusi yenye duara la njano. Chipukizi moja limeoza shinani, nimelivuta kidogo likaja lote mkononi.

Chungu ni cha plastiki, upana sentimita 30. Chini nimeweka kokoto nyeupe, juu yake udongo mweusi wa bustani na samadi. Namwagilia kila jioni kwa maji ya kisima. Mbolea ni CAN, ile ya dukani yenye naitrojeni, kijiko kimoja kila mwezi. Kipo barazani, jua linakifikia dakika chache tu za jioni.

Nibadilishe udongo au huu ni ugonjwa wa kupiga dawa? Na je, nitumie magome ya miti kama yale ya okidi za kuning'iniza?

---

MzeeKitalu

Asante kwa kueleza vizuri, wengi huleta picha ya ua tu na kuuliza "tatizo nini". Dawa weka pembeni kwanza. Hapo makosa yamekutana manne kwenye chungu kimoja, na kila moja lina dalili yake hapo ulipoandika.

Chipukizi lililooza ni udongo mzito pamoja na maji ya kila siku. Ncha zilizokauka ni chumvi. Njano yenye mishipa ya kijani kwenye majani *mapya* ni chokaa kuzidi, mmea unashindwa kunyonya chuma. Maua kukosekana ni kivuli. Madoa meusi ni ukungu uliokuja kwa sababu majani yanalala yamelowa, na huo ndio wa mwisho kushughulikia.

Kuhusu magome, hapana. Okidi ya kuning'iniza, ile inayoota juu ya miti, ina mizizi minene inayotaka hewa, inakauka na kulowa mara nyingi kwa wiki. Hii yako kwao Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya Pasifiki huota ardhini, kwenye nyasi, kingo za barabara na miteremko iliyo wazi. Inataka kitu kinachoshika unyevu. Ila unyevu siyo tope. Ukiipa magome matupu itakonda, ukiipa udongo wa kichuguu au mfinyanzi itaoza.

Kitu cha kwanza kukiangalia ni tunguu. Chini ya kila fungu la majani kuna tunguu la kijani, mviringo, ukubwa wa ndimu ndogo hadi ndimu kubwa. Hilo ndilo ghala la maji na chakula. Futua udongo kwa vidole uone limekaa wapi. Likiwa limezikwa lote, umeshapata jibu la kuoza. Linatakiwa nusu yake ya juu iwe nje inaona hewa, na chipukizi lichomoze usawa wa udongo. Watu hulizika kwa mazoea ya viazi. Hili siyo kiazi.

Fanya hivi leo: acha kumwagilia, toa sahani kama ipo, kesho mchana kimwage chungu chote kwenye gazeti, utuambie umeona nini.

---

Udongo_na_Maji

Naongezea kwenye maji na kokoto, maana hapo ndipo pwani tunapopoteza mimea mingi bila kujua.

Hizo kokoto nyeupe kwa Kigamboni karibu hakika ni matumbawe. Jaribio lake ni rahisi: chukua kokoto moja, ikauke, dondoshea siki ya jikoni. Ikitoa povu na kuchemka chemka, ni chokaa. Fanya hivyohivyo na mchanga wowote kabla hujautia kwenye chungu, kijiko kimoja cha mchanga mkavu kwenye kisosi, siki juu. Mchanga wa ufukweni utatoa povu kwa sababu ya vipande vya makombe, na juu ya chokaa unakuja na chumvi. Mchanga wa mto mara nyingi haufanyi kitu.

Halafu lile tabaka la kokoto chini ya chungu halisaidii maji kutoka. Najua tumefundishwa hivyo wote. Maji hayatoki kwenye udongo mlaini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ulowe chepechepe, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu zaidi na mizizi. Kinachotoa maji ni mchanganyiko wenyewe kuwa na chembe kubwa, na matundu ya kutosha. Kwa chungu cha upana wa sentimita 25, toboa matundu matano au sita ya sentimita moja, kisha funika kwa kipande cha chandarua kilichochakaa ili mchanga usikimbie.

Maji ya kisima: tafuta kipima chumvi, kile kidogo kama kalamu cha kusoma TDS, yaani chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, kwa ppm. Kikisoma chini ya 300, tumia bila hofu. Kati ya 300 na 600 tumia, lakini osha chungu kila mwezi. Zaidi ya hapo changanya nusu kwa nusu na ya mvua, au acha kabisa. Kama huna kipima, angalia ukingo wa chungu na uso wa udongo: utando mweupe mkavu unaokwaruzika kwa ukucha ni chumvi imebaki baada ya maji kuondoka.

Kuosha chungu maana yake ni kupitisha maji safi mara mbili ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 8 kinataka lita 16, yaani ndoo ya lita 20 isiyojaa. Mimina nusu, subiri robo saa chumvi iyeyuke, mimina iliyobaki. Maji yote yatoke chini, yasibaki kwenye sahani.

Na hiyo CAN achana nayo. Ndani yake kuna chokaa ya kujazia, na hapo tayari una chokaa ya kokoto. Isitoshe punje ikilala ubavuni mwa chipukizi inalichoma.

---

BibiMaua_Tanga

Mchanganyiko unaofaa pwani ni huu, kipimo ni kopo la lita moja:

makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, makopo 4. Mchanga wa mto ule mnene, makopo 3. Mboji ya majani iliyooza mpaka huwezi kujua lilikuwa jani gani, makopo 2. Mkaa uliopondwa ukubwa wa punje ya mahindi, kopo 1.

Ukichanganya hutapata lita 10, vidogo vinaingia kati ya vikubwa, utapata kama lita 8. Hiyo inatosha chungu cha upana wa sentimita 25.

Mchanga uchekeche kwa chekeche la unga, *unachotaka ni kinachobaki juu*. Kile kinachopita ni vumbi, kitaziba. Kisha uoshe kwenye beseni mpaka maji yawe meupe. Mkaa nao oshwa vumbi lake.

Makumbi ndiyo yenye mtego. Kama umeyapata kwa wasokota kamba, yale yaliyofukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi ili yalainike, yamelowa maji ya bahari. Hata ya dukani mengine yana chumvi. Loweka kwenye maji baridi siku nzima, mwaga, rudia mara tatu. Yale maji ya kwanza yatatoka rangi ya chai ya rangi, ya mwisho yawe kama chai iliyozidiwa maji. Yakiwa bado meusi endelea. Usitumie usumba mtupu uliosagwa kama unga, unashika maji kama sifongo na mwaka wa pili unageuka tope.

Samadi sikatai, lakini iwe ya ng'ombe, imekaa miezi sita au zaidi, haina joto wala harufu, na isizidi sehemu moja kati ya kumi. Mbolea ya kuku usiikaribishe hata ikiwa kavu.

Wenye kuishi bara wasiopata makumbi kirahisi wanaweza kutumia maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi (yasiwe majivu), badala ya nusu ya makumbi. Nusu nyingine iwe majani makavu yaliyovunjwavunjwa. Si bora sana, hubomoka haraka, lakini hufanya kazi.

---

Chungu_Kigamboni

Nimemwaga chungu. Majibu:

Siki imetoa povu kwenye kokoto kama soda. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, unanuka kama mtaro, ukiufinya unatoa maji. Matunguu ni 11. Yote yalikuwa chini ya udongo sentimita 4 hivi. Matano magumu yana majani. Matatu magumu hayana jani hata moja, yamesinyaa kidogo. Matatu laini, ukibonyeza kidole kinazama na yanatoa maji ya kahawia yenye harufu. Mizizi mingi ni kahawia, ukiivuta gamba linatoka linabaki uzi. Mizizi mizuri myeupe ipo upande mmoja tu, karibu na ukingo.

Hayo matatu yasiyo na majani nayatupa?

---

MzeeKitalu

Usitupe! Hayo ni matunguu ya zamani, yameshamaliza majani yake lakini bado yana chakula, na kila moja lina jicho. Tutayarudia.

Chukua kisu chembamba chenye makali, au mkasi wa kupogolea, na spiriti. Safisha kisu kwa spiriti au kipitishe kwenye moto kabla ya *kila* mkato, siyo mara moja mwanzoni tu. Kuna virusi vya okidi vinavyohama kwa utomvu uliobaki kwenye kisu na havina dawa, mmea ukishapata unabaki nao mpaka unakufa.

Osha mizizi kwa maji ya bomba yanayotiririka, tope lote litoke. Matunguu laini yatoe yote. Yameshikana na wenzake kwa kijishina kigumu kama kidole kidogo. Kata kijishina hicho, angalia uso wa mkato. Ukiona nyama nyeupe au kijani hafifu, umefika pazuri. Ukiona kahawia, au duara la kahawia katikati, rudi nyuma kata tena hata kama inakugharimu tunguu zima linaloonekana zuri kwa nje. Hapa ndipo huruma inapoharibu kazi. Ule uozo wa bakteria wenye harufu hupita ndani ya kijishina kwenda kwa jirani, na ukiacha nusu sentimita yake, wiki mbili baadaye umerudi ulikotoka.

Mizizi yenye uzi mtupu kata. Ile migumu iache, hata ikiwa na rangi ya vumbi. Paka kwenye vidonda unga wa dawa ya shaba au salfa. Mdalasini wa jikoni pia hukausha kidonda, ila uishie kwenye kidonda, ukigusa mizizi mizima unaikausha nayo. Kisha laza kila kitu kivulini kwenye gazeti, pana hewa, siku moja na nusu hadi mbili. Vidonda viwe vikavu kama ganda.

Sasa kugawa. Yale matano yenye majani, kama yameshikana matatu na mawili, yaache hivyohivyo. Fungu la kupanda liwe na matunguu matatu ukiweza, moja kati yake liwe na chipukizi au jicho lililovimba. Kugawanya moja moja ni tamaa, litaishi lakini utangoja maua mwaka na zaidi.

Kwenye kupanda, chungu kiwe kipana kuliko kirefu, na kisimzidi mmea. Kwa fungu la matatu, upana wa sentimita 20 hadi 25 unatosha. Kile cha 30 kilikuwa kikubwa mno kwa mizizi iliyokuwepo, sehemu isiyo na mizizi haikauki, na hapo ndipo harufu ya mtaro huanzia. Jaza mchanganyiko wa Bibi Maua mpaka robo tatu, tengeneza kichuguu kidogo katikati, tandaza mizizi pembeni yake, jazia taratibu ukigonga ubavu wa chungu badala ya kushindilia kwa ngumi. Tunguu la zamani kabisa liegemee ukingoni, lenye chipukizi litazame katikati, maana ndiko litakakoelekea. Nusu ya tunguu nje. Mmea utayumba kwa kukosa mizizi, ufunge kwenye kijiti mpaka ushike. Mmea unaoyumba hukata ncha za mizizi mipya kila upepo ukivuma.

Majani kama ni mengi kuliko mizizi, kata marefu yabaki nusu. Yanapoteza maji ambayo mizizi haiwezi kuleta.

Maji: siku ya kwanza kidogo ya kulowanisha tu, baada ya hapo subiri siku tatu au nne. Kivuli chenye mwanga wiki mbili. Mbolea hakuna mpaka uone jani jipya, kwa kawaida wiki nne hadi sita.

Na yale matatu ya uchi: weka kwenye kopo lenye mchanga wa mto wenye unyevu kidogo, yalale juu, yasizame zaidi ya theluthi. Funika na mfuko mwepesi wenye matundu, kivulini. Jicho likichomoza na mizizi yake ikifika sentimita 3, hamishia kwenye chungu kidogo cha sentimita 10.

---

Kijani_Njiro

Naomba kuchomekea. Huku Arusha mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inashuka, yangu inasimama haikui kabisa na majani yanadondoka ya chini. Niimwagilie zaidi?

---

BibiMaua_Tanga

Pungufu, siyo zaidi. Huo ni mmea wa joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 inapunguza kazi, ikikaribia 10 mizizi inaacha kunyonya, na maji unayoyatia yanakaa tu yakiisubiri ioze. Mwagilia asubuhi saa tatu au nne jua likiwa limetoka, mara moja kwa wiki inatosha kama chungu bado kizito. Simamisha mbolea Juni hadi mwisho wa Agosti. Kisogeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, ukuta unarudisha joto usiku. Majani ya chini kudondoka wakati huo ni kawaida, ilimradi tunguu ni gumu.

Kugawa na kubadilisha udongo huko kwenu kuwe Septemba au Oktoba, joto likianza kurudi. Pwani wakati mzuri ni kabla ya masika, chipukizi zikiwa na sentimita 3 hadi 5. Isipokuwa dharura kama ya mwenzetu, uozo haungoji msimu.

---

Udongo_na_Maji

Mwanga na mbolea, tumalize hilo la maua.

Soma majani. Kijani kizito, marefu, laini, yameanguka pande zote kama nywele: ipo gizani. Kijani cha kuelekea njano kidogo, yamesimama, magumu: ipo mahali pake. Ikiwa na mabaka meupe yaliyokauka upande mmoja unaotazama juu, imeungua. Tofauti ya kuungua na ukungu ni kwamba baka la jua halikui baada ya siku ya pili, la ukungu linaongezeka na lina duara la njano.

Inataka jua la wazi kwa muda wa saa nne hadi tano kila siku, na la asubuhi ndilo zuri, kuanzia saa moja hadi saa tano. Iliyotoka kivulini usiitoe siku moja. Wiki ya kwanza saa moja tu ya jua, ongeza saa moja kila wiki. Wengine huipanda jua la kutwa na inakubali, lakini ardhini kwenye bustani, siyo kwenye chungu cheusi cha plastiki kinachochemsha mizizi. Ukilazimika, weka chungu hicho ndani ya kingine kikubwa cha udongo.

Mbolea: NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya kuyeyuka kwenye maji, 20-20-20 au 19-19-19, gramu moja kwa lita kila wiki mbili. Bila mizani, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwenye lita 5 kinakaribia hapo. Kwanza mwagilia maji matupu, kisha yenye mbolea, mizizi mikavu huungua. Matunguu mapya yakishanenepa, geukia ile yenye potasiamu nyingi wanayouza kwa ajili ya nyanya kuzaa, kipimo kilekile, kwa miezi miwili. Naitrojeni nyingi bila jua inakupa shamba la majani.

Hiyo njano ya mishipa kijani: ukishaondoa matumbawe na CAN, majani yatakayotoka baadaye yatakuwa sawa. Yaliyopo yanaweza yasirudi kijani, usiuhukumu mmea kwa hayo. Ukitaka kuharakisha, nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma kwa kipimo cha kwenye pakiti, asubuhi, mara mbili kwa nafasi ya siku kumi.

Bua likishatoka halina haraka. Maua hufunguka machache machache kutoka chini kwenda juu, bua moja linaendelea wiki nyingi. Ukiona vijifuko vya kijani vinavimba nyuma ya maua yaliyonyauka, ni mbegu. Ile ya zambarau ya kawaida hujichavusha yenyewe. Vikate, vinakula nguvu ya bua linalofuata. Mbegu zenyewe ni vumbi, hazina akiba ya chakula, zinategemea kuvu fulani wa kwenye udongo ili zichipue. Kuzipanda kwenye trei kama mchicha ni kupoteza muda.

---

Mlima_Njombe

Mimi niko nyanda za juu kusini. Porini huku okidi za ardhini zimejaa, msimu wa mvua uwanda wa Kitulo ni maua matupu. Kwa nini mtu ahangaike na ya kutoka Asia badala ya kuchimba hizi zetu zilizozoea?

---

MzeeKitalu

Kwa sababu hizo zako zitakufa, ndugu yangu, tena zitakufa taratibu ukidhani unakosea kumwagilia.

Nyingi za Kitulo ni jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Hazina matunguu ya juu kama haya tunayojadili. Zina kiazi chini ya ardhi, na kila mwaka kiazi cha zamani hunyonywa chote huku kipya kikijengwa pembeni. Ukichimba ikiwa na maua, ambapo ndipo watu huiona, kipya bado hakijajaa na cha zamani kimebaki ganda. Halafu zinalala kiangazi chote kwenye baridi, na mizizi yake inaishi pamoja na kuvu wa udongo ule. Kuvu huyo humpati kwenye ndoo ya udongo uliobeba.

Pili, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Huingii na jembe. Na okidi zote duniani zipo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, kuvusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama ni kiazi kimoja. Tayari viazi hivyo vinachimbwa sana kwa ajili ya chikanda, kile chakula kinachopendwa Zambia, hatuhitaji kuongeza wenye vyungu.

Ukitaka ya kwetu, tafuta Eulophia iliyozalishwa kitaluni. Muulize muuzaji aitoe kwenye chungu uone mizizi: iliyokulia chunguni ina mizizi iliyozunguka ukingo, iliyochimbwa porini ina mizizi iliyokatika na udongo wa rangi nyingine umeganda katikati. Hiyo iache hapohapo.

---

Chungu_Kigamboni

Nimepanda juzi: fungu la matatu, fungu la mawili, na matatu kwenye kopo la mchanga. Maji nimepata ya mvua, pipa moja. Swali la mwisho. Jirani ana kama hii, bua lake lina siafu wadogo weusi wamejaa kwenye vitumba vya maua. Ikitokea kwangu nipige dawa gani? Na wadudu wengine wa kuwaangalia ni wepi?

---

BibiMaua_Tanga

Hao siyo siafu, ni sisimizi. Vitumba vya Spathoglottis vinatoa utamu kwa nje, wanakuja kulamba. Hawali ua. Waache, wanafukuza wadudu wengine. Ila fuata msururu wao unakoishia. Ukiishia shinani kwenye maganda makavu ya majani, bandua maganda hayo uone. Vidung'ata, vile vyeupe kama pamba, hujificha hapo na sisimizi huwachunga. Wafute kwa brashi ya rangi ya maji iliyochovywa spiriti, rudia kila wiki mpaka wiki ya tatu.

Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma na joto, angalia utitiri. Jani hupoteza mng'ao, linakuwa na vidoti vyeupe kama limenyunyiziwa chumvi. Weka karatasi nyeupe chini, gonga jani, vumbi likitembea ndio wao. Sabuni ya maji mililita 5 kwa lita, nyunyizia *chini* ya majani jioni, suuza baada ya saa moja, rudia kila siku tano mara tatu. Mara moja haitoshi kwa sababu mayai hayafi.

Chipukizi likikatwa usiku na kuna njia inayong'aa, ni konokono. Toka na tochi saa tatu usiku, waokote kwa mkono. Punje za sumu za konokono zinaua na kuku na mbwa.

Madoa meusi uliyouliza mwanzo: kata jani sentimita 2 chini ya doa, choma ulichokata, mwagilia asubuhi kwenye udongo siyo juu ya majani. Yakiendelea kwenye majani mapya ndipo upige dawa ya shaba, kipimo cha kwenye kopo, usizidishe, mara mbili kwa nafasi ya siku 10, kabla jua halijakuwa kali. Kusi ikianza na kama uko karibu na bahari, suuza majani kwa maji ya mvua mara moja kwa wiki, upepo ule unabeba chumvi.

---

MzeeKitalu

Na lile fungu la mawili uliweke nusu kivuli mwezi mzima, siyo wiki mbili. Inua chungu kwa mkono kila asubuhi kabla ya kumwagilia. Kikiwa kizito kama jana, rudisha chini.